Mtoto Asiyekuwa Kwenye Picha

Kazi ya Euphrasia ilikuwa kumhudumia bibi mmoja wa Bowie, mji wa Marekani, aitwaye Cheryl, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani mwake na kukisema kwa usafi wa mtu aliyekisomea kitabuni. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na kumbukumbu nayo ilikwenda na kurudi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitaka asomewe.

Rafu ya chumbani kwake ilijaa vitabu vya watoto, vyote vikihusu meli moja: Lusitania, meli kubwa ya abiria iliyozamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya Ireland, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Cheryl alivikusanya tangu alipoanza kufundisha. Euphrasia alivisoma kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, na Cheryl hakumkosoa hata mara moja. Ila alipofika pale abiria wanapoketi mezani, mchana ule wa mwisho, Cheryl aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Ishia hapo," alisema. "Bado wanakula."

Kwa Euphrasia hiyo ilikuwa nafuu. Vita ilipofika Uvira, mji wa kwao kando ya ziwa, akiwa msichana, yeye na mama yake na mdogo wake Gad walipanda boti iliyojaa kupita kiasi, wakikimbilia mji wa Kalemie. Boti ikapinduka ziwani. Yeye na mama waliokolewa. Gad hakuonekana tena. Habari hiyo hakuwahi kumsimulia Cheryl; hata nyumbani, katika fleti yao ya Columbia, mji wa karibu walikohamia kama wakimbizi, mama yake hakulitaja jina la mtoto yule.

Siku moja ya Machi, Cheryl aliinamia picha ya ukumbi wa chakula, akaitazama sana.

"Huyu mtoto si wa meli hii," alisema.

"Mtoto gani, Mama Cheryl?"

"Huyu mweusi, pembeni. Ameshika kifuniko cha birika."

Euphrasia alitazama. Aliona vitambaa vyeupe vya meza, watoto wa Kizungu wenye kola za lesi, mhudumu na sinia lake. Basi. Siku ile ya kukimbia, mama yao alimpa Gad kifuniko cha birika kwa sababu hakikukaa vizuri mzigoni, akamwambia akishike, asikiachie. Jambo hilo walilijua yeye na mama yake tu.

Alifunga kitabu, akasema saa ya dawa imefika.

Kesho yake alichagua kitabu kingine, cha mchoraji mwingine. Kidole cha Cheryl kilikwenda moja kwa moja kwenye picha ya ngazi.

"Leo yuko hapa. Amelowa."

Ngazi ile ilikuwa tupu. Lakini Euphrasia alipogusa karatasi, ilikuwa baridi kama nguo iliyolala nje kwenye umande.

Alifikiria kuomba abadilishiwe kazi. Kisha akajiuliza, yeye akiondoka, nani mwingine atakayemjua mtoto huyo? Akarudi.

Siku iliyofuata Cheryl alichagua kitabu mwenyewe, na walipofika mezani hakuweka kiganja.

"Endelea," alisema. "Wamemaliza kula."

Euphrasia akasoma kishindo, meli kulala ubavu, watu kugombea mashua. Cheryl alitega sikio chini, kama anayesemeshwa na mtu mfupi.

"Anauliza kama aendelee kukishika."

Euphrasia alijua swali lile aliulizwa yeye. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Umuambie akiache tu. Mama hana hasira. Mama alifika ku Kalemie. Na miye nilifika."

Cheryl aliurudia ujumbe taratibu, kwa Kiswahili chake safi, akiuelekeza ukurasani. Mara kitu cha bati kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Wote wawili walikisikia. Euphrasia alipochungulia chini ya kitanda, alikuta kandambili tu.

"Ameondoka," Cheryl alisema, akaomba chai.

Jioni Euphrasia alimweleza mama yake, aliyekuwa akichambua maharage jikoni. Mama hakumwambia amechanganyikiwa. Aliuliza tu, "Alikuwa anaogopa?"

"Hapana, Mama. Alikuwa anangoja kuambiwa."

Mama akalia, kilio ambacho hakukilia siku ile ufukoni.

Hawakuwahi kumfanyia Gad matanga, maana mwili haukupatikana, na mama alikuwa akisema mtu hazikwi kwa fununu. Jumamosi moja baada ya Pasaka waliyafanya, katika ukumbi wa kanisa lao. Pasta Venuste aliomba, kisha mama akasimama kuwaeleza watu mwanawe alikuwa nani: aliogopa mbuzi, alilamba sukari kwa siri, aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya kubuni. Watu walicheka huku wakifuta machozi.

Cheryl alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamvuta Euphrasia karibu.

"Tunamlilia nani?"

"Mdogo wangu, Mama Cheryl. Gad."

"Pole sana, binti yangu," alisema, kama mtu anayepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, akamshika mkono.