Kitanda Namba Nne, Saa Sita na Saa Nane

Wenzake kazini walimwita Mama Zamu, na jina lenyewe halikuwa la kumsifu. Mlezi akiugua, akifiwa au akikwama njiani, metroni wa makao yale ya wazee hakuhangaika kupekua orodha, alimtazama yeye. Naye, kwa kuwa ulimi wake haukuzoea neno hapana, alivaa tena aproni aliyokuwa ameshaivua. Miaka kumi na tisa ya namna hiyo ilikuwa imemla kiuno. Asubuhi alishuka kitandani kwa awamu, kama mzigo unaoteremshwa kutoka kwenye lori: mguu, mguu, mkono, kisha pumzi.

"Mama, wewe unawatunza wazee au unafanya mazoezi ya kuwa mmoja wao?" aliuliza bintiye, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni.

"Vyote viwili, mwanangu. Nipishe nivae viatu."

Wodi yake ilikuwa na vitanda kumi na vinane, na mara nyingi mlezi mmoja. Wazee kumi na mmoja kati ya hao hawakuweza hata kujigeuza. Mtu wa hali hiyo akiachwa alalie ubavu mmoja, ngozi hubadilika rangi, kisha huchubuka, kisha kidonda hushuka hadi mfupani. Ndiyo maana kanuni ilisema kila asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Juu ya kila kitanda ilining'inia karatasi yenye visanduku vinne vya zamu ya asubuhi: saa mbili, saa nne, saa sita na saa nane. Ukimgeuza mzee, unatia alama ya vema na sahihi yako.

Lakini mikono ya mlezi, zamu ikishapamba moto, ina sabuni, ina uji, ina mambo mengine yasiyofaa kutajwa mezani. Na kisanduku kitupu kilizaa barua ya kujieleza. Kwa hiyo tangu zamani, hata kabla yeye hajaajiriwa, walezi walikuwa na desturi yao. Saa moja asubuhi, mikono ingali mikavu, unapita kitanda hadi kitanda na kujaza visanduku vyote vinne kwa mpigo. Waliiita kusalimia karatasi. Kugeuza kwenyewe kulifanyika, ndiyo, kadiri mgongo ulivyoruhusu. Mara saa nne ikawa saa tano na nusu. Mara saa sita ikamezwa na chakula cha mchana isionekane tena. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Uongo ni kitu unachomwambia mtu, na karatasi zile hazikuwa na msomaji.

Akatokea wa kuzisoma.

Serikali ilikuwa imeunda kamati ya kuandaa mwongozo wa kitaifa na viwango vya ubora wa huduma za ustawi wa jamii. Mtaalamu wa kamati hiyo, kijana mpole mwenye kompyuta mgongoni, alizunguka kwenye makao kumi na mawili akipiga picha karatasi za miezi mitatu. Makao yao yakaongoza: visanduku vyote vimejazwa, mia kwa mia. Kamati ilipoomba mlezi mmoja wa kuwawakilisha wenzake, barua ikaja moja kwa moja kwa Mama Zamu, mwenye karatasi safi kuliko zote.

Metroni alimpa wosia mlangoni. "Usiende kule ukalia shida. Sikiliza, shukuru, kunywa chai, urudi."

"Na wodini?"

"Winchi atashika."

Winchi alikuwa mlezi mwenzake wa wodi ya pili, bwana mwenye mabega ya mlango, aliyepewa jina hilo kwa namna alivyonyanyua watu. Siku hiyo alivuta tu mkanda wa suruali kama mtu anayejiandaa kuingia mtoni.

Ukumbi wa kamati ulikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "inashughulikiwa", karatasi iliyokwisha kupauka. Mezani mbele ya kila mjumbe palikuwa na chupa ya maji na kibao cha cheo. Chake kiliandikwa "Mlezi". Siku mbili za mwanzo wajumbe walibishana kama mzee aitwe mteja au mhudumiwa. Kilichomtesa Mama Zamu hakikuwa mjadala bali kiti. Kilikuwa laini, na mwili wake haukujua kukaa bila kulala. Alijifinya paja. Mwenyekiti, mama mtu mzima aliyestaafu utumishi, alimwona, akamsogezea chai.

Siku ya tatu wakafika kifungu cha ishirini na mbili: mlezi mmoja awe na wazee wangapi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, takwimu zinatusaidia," alisema Mtaalamu. "Tumekuta vituo vyenye mlezi mmoja kwa wazee kumi na wanane, na wazee wote wanageuzwa kwa wakati. Kwa hiyo napendekeza kumi na wanane kiwe kiwango cha taifa. Naomba niwaonyeshe ukurasa mmoja wa mfano."

Karatasi ikatokea ukutani, kubwa kama shuka. Jina la mzee lilikuwa limefunikwa. Namba ya kitanda ilibaki, na tarehe, na sahihi nne zenye mkia mrefu.

Mama Zamu aliamka kabisa. Kitanda namba nne kilikuwa cha bibi aliyewahi kuwa mpiga chapa ofisini. Hata akili ilipomtoka, vidole vyake viliendelea kuchapa barua juu ya blanketi. Tarehe ile aliijua. Bibi alifariki asubuhi hiyo, saa tano. Ni yeye Mama Zamu aliyemfumba macho na kuvinyoosha vile vidole. Na pale ukutani, mbele ya wakubwa wa nchi, palionyesha kwamba saa sita amegeuzwa, na saa nane amegeuzwa tena.

Wakaahirisha kwa chakula cha mchana. Uamuzi wa kifungu ungefuata. Mama Zamu alitoka hadi kwenye ngazi, akampigia simu Winchi.

"Wanataka kuandika kumi na wanane."

"Si ndio tulionao? Wataandika ukweli."

"Leo ni shida yetu sisi. Wakiandika, itakuwa ndiyo haki ya kila mahali. Hata penye walezi wa kutosha watapunguzwa mpaka wafike hapo."

"Na wewe unataka kuwaambia nini?"

"Kwamba karatasi tunazisalimia asubuhi."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani, na sauti ya mzee ikaomba maji. Winchi alisema, "Subiri babu, nakuja," kisha akarudi kwenye simu, taratibu zaidi. "Mama Zamu, mimi nina watoto wanne. Usituuze kwa sababu umekalia kiti laini siku tatu."

"Sitataja jina la mtu. Nitataja langu."

"Jina lako ni letu sote. Makao ni yale yale."

Akakata. Kilichomchosha Mama Zamu ni kwamba Winchi alikuwa na haki. Na metroni alikuwa na haki. Hata yule kijana wa takwimu alikuwa na haki, kwani alihesabu alichokikuta. Wote walikuwa na haki, na kumi na wanane ilikuwa inakuja.

Walipokaa tena, alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Naomba ile karatasi irudishwe ukutani."

Ikarudishwa.

"Hiyo sahihi ni yangu. Mwenye kitanda hicho alifariki siku hiyo saa tano asubuhi. Hapo panasema saa sita nilimgeuza."

Mjumbe mmoja aliyekuwa akifungua chupa ya maji aliacha katikati.

"Huenda ni kosa la siku moja, mama," Mtaalamu alisema, karibu kama anamwombea.

"Si kosa, mwanangu. Ndivyo tunavyojaza. Tunajaza saa moja, siku nzima ikiwa bado haijatokea."

"Mama," mwenyekiti alisema, "unafahamu kwamba haya yanaingia kwenye kumbukumbu za kikao?"

"Nafahamu. Ndiyo maana nimesimama, nikikaa nasinzia."

Wawili watatu walicheka, kisha wakajutia kicheko chao. Yeye aliendelea kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mzee kwamba leo ni siku ya kuoga.

"Kumgeuza mtu vizuri, kumtazama ngozi, kutandua kilicholowa, ni dakika kumi. Wasiojiweza wangu ni kumi na mmoja. Hiyo ni dakika mia na kumi, na saa mbili zina dakika mia na ishirini. Zinabaki kumi. Katika hizo kumi nilishe, niogeshe, nipeleke chooni, watu kumi na wanane. Na mtu mzito hageuzwi na mtu mmoja, kwa hiyo namwita mwenzangu wa wodi ya pili, na wa kwake wananingojea mimi. Hii hesabu hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Hamkuifanya kwa sababu karatasi zetu zilikuwa zinapendeza."

Akakaa. Hakujisikia shujaa, alijisikia mtu aliyemwaga ndoo katikati ya sebule ya watu.

Mtaalamu hakubisha. Alifunga kompyuta, akasema takwimu zake haziwezi kutumika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta nyumba yake haina msingi. Kamati ikamtuma arudi wodini na saa ya mkononi, akae zamu nzima kwa wiki nzima. Siku ya kwanza alikaa kwenye kona akiandika. Siku ya tatu alikuwa ameshika ncha ya shuka.

Makaoni, metroni aliwagawia walezi wote saba barua za onyo. Ya Mama Zamu ilikuwa na aya moja zaidi. "Nilikwambia unywe chai," metroni alimwambia, na hakuwa na hasira. Alikuwa tu na mifuko chini ya macho. Winchi aliipokea yake mbele ya Mama Zamu, akaikunja mara nne. Tangu hapo hakumsalimu. Lakini kuna wazee ambao hawageuzwi ila kwa watu wawili, kwa hiyo kila siku walisimama pande mbili za kitanda kimoja, wakipeana shuka mkono kwa mkono bila kutazamana, kama mtu na mkewe wanaosubiri talaka.

Miezi minane baadaye mwongozo ukatoka, kitabu chenye jalada la kijani. Mama Zamu aliukuta mezani kwa metroni, akafungua kifungu cha ishirini na mbili, akakisoma mara mbili. Kisha akaenda nacho wodini, akakisoma kwa sauti wakati Winchi akibadilisha foronya.

"Mlezi mmoja kwa wazee wanane."

Winchi aliacha foronya. "Wanane?"

"Wanane. 'Kwa awamu, ndani ya miaka mitano, kadiri uwezo utakavyoruhusu.'"

Winchi alihesabu kimya kimya, midomo ikitembea. "Miaka mitano wewe utakuwa umestaafu."

"Mwaka wa tatu."

"Na mimi mgongo huu utakuwa umeshakatika. Tutaletwa hapa hapa." Akaichukua tena foronya, akaikung'uta. "Basi angalau mimi na wewe tutageuzwa kwa wakati."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake, ukiondoa ya kazi, tangu barua. Mama Zamu hakujua kama acheke. Alikiweka kitabu juu ya kabati la dawa, mahali pasipofika maji, akaja upande wake wa kitanda. Mzee aliyelala hapo, mwanamume mrefu aliyekuwa amelalia ubavu wa kulia tangu saa mbili na robo, alifumbua jicho moja.

"Mnanipeleka wapi?"

"Upande wa pili tu, babu," alisema Winchi. "Huko kuna dirisha."