Maji Niliyomchemshia Mama

Nilipokuwa mtoto, kule Nyacheki, kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kumchemshia Mama maji ya chumvi na majani machungu. Alikuwa na mimba ya miezi sita na alikuwa akitokwa na uchafu wenye harufu. Kila asubuhi alijiosha ndani ya uke kwa maji hayo na kipande cha sabuni ya kufulia. Niliionea fahari kazi hiyo, nikidhani namtibu.

Bibi, mamake Baba, ndiye aliyemfundisha. "Mume wako yuko Kericho kwa kazi ya majani chai," alimwambia. "Hiyo harufu ikijulikana, watu watasema ni amasangia."

Amasangia ni laana ya mke aliyetoka nje ya ndoa, na kwetu iliaminika kwamba humuua mtoto kabla ya miezi kutimia. Bibi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mama, ila aliogopa midomo ya watu.

Siku ya kliniki Mama alijiosha mara mbili. Nesi hakuwa Mkisii, na Kiswahili cha Mama kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo nilikwenda kuwa mkalimani.

"Hebu muulize mama kama kuna uchafu unamtoka, na kama unanuka."

Nikauliza kwa Ekegusii. Mama akatazama sakafu.

"Mwambie hakuna."

"Hakuna," nikasema. Mimi, mtoto wa miaka tisa niliyesifiwa kanisani kila Sabato, nilidanganya bila kupepesa jicho.

Wiki tatu baadaye uchungu ulimshika Mama akichuma chai. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia kidogo, akanyamaza kabla jua halijatua. Watu wakasema yale yale aliyoonya Bibi, na Baba, aliporudi kutoka Kericho, akakataa kuingia nyumbani mpaka Mama akiri. Mama akakiri kosa ambalo hakulifanya. Bibi alilia kuliko sisi sote.

Mwaka huu nami nina mimba. Nesi aliponiuliza swali lile, nilijibu ndiyo upesi, hata akashtuka. Akanipima, akanipa dawa. Akanieleza kwamba huko ndani mna vijidudu vyema vinavyomlinda mwanamke, kwamba kujiosha kwa sabuni huviua, na maradhi yakipata nafasi yanaweza kuleta uchungu mapema. Nililia pale pale kitini.

Sijui kama dawa ingemwokoa mdogo wangu. Wakati mwingine hata dawa hushindwa. Ninachojua ni kwamba siku ile nesi aliuliza, na mimi nilikuwa na jibu.