Salamu Zilizokatwa

Dada yangu hakuwahi kununua waya wa chaji bila kuupinda kwanza. Aliukunja pale unapoungana na kichwa, akaukunja upande wa pili, muuzaji akimwangalia kwa macho ya kuomba aende zake, kisha akauchomeka kwenye simu yake mwenyewe na kusubiri. Taa kuwaka haikumtosha, alitaka aone asilimia inapanda. Alikuwa radhi kusimama juani pale Buguruni kwa ajili ya waya ambao watu wengine huununua huku wanatembea. Mimi niliyefuatana naye niliona aibu, na mara nyingine nilisogea kando nikajifanya simjui.

Lakini familia nzima tulimtegemea. Ukitaka kununua kitu chochote chenye umeme ndani yake, ulikipiga picha, ukamtumia, ukasubiri. Jibu lilikuja kwa sauti, maana alisema kuandika kunamchelewesha, na lilikuja hata akiwa ofisini kwake Mwenge, na nyuma yake ukisikia mashine ya kutoa kopi inalalamika. Chaja ikiwa nyepesi kama ganda la yai, usiichukue, hata iwe imeandikwa maneno makubwa kiasi gani. Spika ndogo za masikioni zisizo na waya, uliza kwanza kama kile kiboksi chake kinauzwa peke yake, kwa sababu ndicho kinachotangulia kufa. Memori kadi inayojidai kubeba dunia nzima kwa bei ya chipsi mayai ni ya uongo, itapokea picha zako zote kwa heshima, na siku ya kuzitafuta hutakuta hata moja.

Na programu za bure! Hizo hakuzikataa, alizitumia kuliko sisi sote, ila kila moja aliihoji kama mkwe mtarajiwa. Tochi ya kwenye simu inataka majina ya watu wangu wote ya nini? Aliuliza hivyo na kuifuta papo hapo.

Aliyemwuliza zaidi ni mama. Mama ni mwalimu mstaafu, alikuja Dar na marehemu baba kutoka bara, na miaka yote ya Tandika haijaifuta lafudhi yake. Hakuwa na haja ya vitu vyote alivyovipiga picha. Nadhani alipenda tu kujibiwa. Kila jibu la dada kwake lilianza na neno lile lile, "Shikamoo mama," hata kama walikuwa wameonana asubuhi, hata kama lilikuwa jibu la tano siku hiyo. Mama naye, akiwa ameishika simu mbele ya uso, aliitikia kwa sauti. "Marahaba, mwanangu." Tulimcheka sana. Tulimwambia simu haisikii, lile ni neno lililokwisha kusemwa, dada alishalisema na kuendelea na kazi zake. Alijibu kwamba shikamoo haiachwi inaning'inia hewani.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, dada aliumwa kichwa. Alilala, akapelekwa hospitali, hakurudi. Sina zaidi ya hayo ya kusema juu ya kifo chake, na wanaotaka maelezo zaidi huwa wananiudhi.

Nilihamia kwa mama baada ya mazishi ili asikae peke yake. Ndipo nikagundua anachofanya asubuhi. Akimaliza kusali, kabla hata ya kufungua dirisha, anaichukua simu na kuibonyeza. Mimi nililala chumba cha pili, ukuta hauendi mpaka juu, na nilisikia kila kitu. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha dada anaeleza habari za chaja nyepesi, na mama anaguna, anakubali, anabisha. "Lakini ile nyingine ilikuwa ghali," anasema. Nilikuwa naogopa, sioni haya kusema. Kilichoniogopesha si sauti ya aliyekufa. Ni sauti ya mama, kwa sababu haikuwa na kilio hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu.

Akina mama wa jumuiya ya kanisani walimshauri amwache marehemu apumzike. Aliwakaribisha chai, akawashukuru, na kesho yake akabonyeza kama kawaida.

Iko moja aliyoirudia kuliko zote. Dada alikuwa ameahidi kutupeleka sote, pamoja na watoto wa kaka, kwenye ile bustani ya michezo ya maji iliyoko ufukweni kaskazini ya mji, wakati wa likizo. Kama kawaida yake aliifanyia upelelezi kwanza. "Shikamoo mama. Nimeulizia kule kwenye maji. Wewe hutelezi, kwa hiyo usikubali kulipia kuteleza, iko bei ya wanaokaa tu, ila hawaisemi mpaka uwaulize. Taulo tubebe zetu, za kwao ni za kukodi. Na tule tushibe nyumbani, getini wanapekua vikapu." Halafu anacheka, anasema, "Ila wewe uvae lile gauni la maua, nataka nikupige picha umekaa kwenye kivuli kama tajiri." Hatukwenda. Likizo ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Basi simu ya mama ikaanza kuvimba. Betri iliinuka mpaka kifuniko cha nyuma kikaachia, na fundi mmoja hapo Tandika alimwonya asithubutu kulala nayo chini ya mto. Hapo ndipo kaka yangu akaingia kazini.

Kaka ndiye aliyenitangulia, dada alikuwa wa kwanza wetu, na mimi ndiye kitinda mimba, jina aliloniitia mama utotoni. Ni karani, mtu wa kupanga mambo, viatu vyake mlangoni vimekaa kama vinasubiri kukaguliwa. Nilimkasirikia sana baadaye, kwa hiyo acha niseme kwanza kwamba nia yake ilikuwa safi. Alizihamisha sauti zote za dada kwenye kompyuta yake, akapakua programu ya bure ya kuunganisha sauti, ili zote ziwe wimbo mmoja mrefu ambao angeuweka kwenye spika ndogo yenye kitufe kikubwa. Mama asihangaike tena na kioo kidogo. Alikaa na kazi hiyo jioni baada ya jioni, na mkewe alituambia alikuwa akiifanya huku machozi yanamtoka.

Tatizo ni kwamba ile programu ilikuwa ya bure mpaka urefu fulani. Ukizidisha, inagoma, inakutaka ulipie. Kaka hakuona sababu ya kulipia kitu cha kutumia mara moja, na nadhani dada mwenyewe angemwunga mkono. Akatafuta cha kupunguza. Alikata kikohozi, alikata mashine ya kopi, na bado ilizidi. Akatazama tena, akaona kuna kitu kimoja kinachojirudia mwanzo wa kila sauti, hakina tofauti, hakina habari yoyote ndani yake. Akazikata shikamoo zote.

Ilipokaa sawa, alisafisha kompyuta. Simu ya mama aliipeleka kwa fundi, ikawekewa betri nyingine, ikafutwa kila kitu, akaipeleka kijijini kwa shangazi ambaye hakuwa na simu. Mama alipewa mpya. Ndiyo utaratibu wa kwetu, kizuri hakitupwi, kinashuka kwa mwenye shida. Kila kitu alikifanya kama inavyotakiwa.

Jumapili baada ya ibada alikuja na ile spika, amefurahi kama mtoto. Tulimkalisha mama kwenye kiti chake, kaka akambonyezea mara ya kwanza. "Chaja ikiwa nyepesi usiichukue, mama," dada akaanza. Safi kabisa, bila mkwaruzo. Midomo ya mama ilikuwa imeshafunguka kwa ajili ya kuitikia. Ikabaki hivyo hivyo. Dada akamaliza habari ya chaja, akaingia kwenye memori kadi, mama akisubiri, kisha akaingia kwenye taulo na getini. Mama akanyoosha mkono, akazima.

"Huyu nani?" akauliza.

Kaka akamwambia ni yeye, mama, sauti ni yake mwenyewe.

"Mwanangu hajawahi kuanza kuongea na mie bila kuniamkia," mama akasema. "Hata tukiwa tumegombana."

Tulimweleza. Kaka alimweleza mara mbili, kuhusu programu, kuhusu urefu, kuhusu bure. Alitikisa kichwa kama anayeelewa, na nina hakika alielewa, alifundisha hesabu miaka yake yote. Lakini kuelewa kulikaa upande mmoja na jambo lenyewe likakaa upande mwingine. Kesho yake nilimsikia anabonyeza, kisha kimya kile cha kusubiri, kisha anazima. Na keshokutwa yake vile vile. Chai aliiacha ipoe. Wiki ile nikaanza kumsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, akiwa peke yake chumbani, "Nimekukosea nini?"

Mtu asiyekulia kwetu anaweza asielewe. Mtoto akikunyima shikamoo, ana neno na wewe. Anaweza kukupikia, anaweza kukufulia, lakini akipita mbele yako asubuhi bila kukuamkia, nyumba nzima inajua kuna jambo zito. Mama alikuwa ananyimwa shikamoo na maiti, kila siku alfajiri, na hakujua aombe radhi kwa lipi.

Tulizitafuta zile salamu kila mahali. Kaka alipakua programu nyingine ya bure, ya kurudisha vilivyofutwa, ikamrudishia picha za harusi yake zenye giza, na sauti hakuna. Simu ya shangazi haikuwa na chochote. Simu ya dada mwenyewe iko kwenye droo yangu mpaka leo, imefungwa kwa mchoro wa kidole alioujua yeye tu, na kila fundi anasema anaweza kuifungua lakini itafunguka ikiwa tupu. Kwenye simu zetu sisi zilikuwepo sauti zake nyingi, lakini yeye ndiye alikuwa mkubwa wetu. Sisi ndio tuliomwamkia yeye. Shikamoo yake katika nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuipokea.

Kaka akaniangalia kwa namna ambayo niliijua kabla hajafungua mdomo. Watu wamenichanganya na dada kwenye simu tangu nikiwa msichana. Hata mchumba wake wa zamani aliwahi kunimwagia mapenzi robo saa nzima nikiwa nacheka moyoni.

"Neno moja tu," kaka akasema. "Kwenye ile ya bustani ya maji. Nafasi ya neno moja ipo, na hiyo nitaisogeza ianze."

Nilikataa. Usiku huo sikulala vizuri, na alfajiri nikamsikia mama anauliza tena kosa lake. Nikampigia kaka aje.

Mama alipotoka kwenda sokoni tulifunga mlango wa chumba changu, nikajifunika khanga kichwani ili kelele za nje zisiingie, nikasema. Yangu mimi huwa na haraka. Ya dada iliburuta mwisho, kama anayekaa chini taratibu. Nilirudia nikakosea, nikarudia, mpaka ikaja moja ambayo sikuisema mimi. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Kaka aliirudisha tuisikilize, naye akavua miwani na kugeukia ukutani. Ilikuwa koo langu, na mtu mwingine alikuwa ndani yake.

Asubuhi iliyofuata nilisimama nyuma ya pazia la mama na kikombe cha chai mkononi. Alimaliza kusali. Akabonyeza.

"Shikamoo mama," spika ikasema.

Dada akaanza habari zake za kule kwenye maji. Mama akaizima, akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena. Hakukuwa na hasira usoni mwake, nilichungulia.

"Marahaba, kitinda mimba wangu," akasema.

Kisha akaiacha iendelee, bei ya wanaokaa tu, taulo, vikapu, gauni la maua, akatikisa kichwa pale anapotikisaga siku zote. Hakunikaripia. Hakumwambia kaka aifute, wala mimi sikuthubutu kumwomba. Nilirudi jikoni na chai yangu nikaimwaga.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Kila alfajiri nalala macho wazi nikijisikia mwenyewe upande wa pili wa ukuta namwamkia mama kwa sauti ya dada, na mama ananiitikia kwa jina langu la utoto, kwa upole. Nikiingia baadaye na uji, nikiwa mzima, nimenawa uso, najikuta sijui nianzie wapi. Juzi nilijilazimisha. Niliweka bakuli mezani nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa, nikamwambia shikamoo mama.

Alinitazama kwa huruma.

"Wewe umeshaniamkia," akasema. "Mwenzako ndiye bado."