Ng'ombe Niliowaandika kwa Mayu Kabula

Siku ya kwanza kazini Ofisa Mipango aliniuliza natoka wapi. Nikajibu Dutwa. Akaniambia nimweleze Dutwa kana kwamba yeye hajawahi kufika. Nikasema ni pahali pazuri, pana watu wengi na mabasi yanasimama. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapo umeeleza harusi, kijana. Hujaeleza Dutwa."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, viatu vya kuazima kwa shemeji na mwandiko mzuri. Kwa hivyo vitatu nilipata ukarani katika ofisi ya mipango hapa Bariadi, wakati huo tukiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuandaa taarifa ya wilaya, yaani kile kitabu anachokabidhiwa kila mgeni wa serikali ili ajue amefika nchi gani. Kilikuwa na sura nne: ardhi, watu, utawala na uchumi. Tulikipiga chapa kwenye stensili, karatasi yenye nta ambayo herufi za mashine huitoboa na wino ukapenya. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kurasa zangu za mwanzo zilikuwa na madoa kama mtoto mwenye surua.

Ofisa Mipango alinifundisha kuanza na ardhi, kwa kuwa mgeni anapaswa kujua anakanyaga nini kabla ya kujua anasalimiana na nani. Basi niliandika mbuga za udongo mweusi unaokamata tairi masika na kupasuka kiangazi, mito inayojaa mchana mmoja na kukauka wiki inayofuata, na Serengeti iliyo jirani yetu, ambako tembo hutoka kuja kuonja mahindi yetu. Kisha watu: sisi Wasukuma wakulima na wafugaji, na wenye maduka mjini waliotoka kila pembe ya Tanzania. Kisha utawala, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji kupanda hadi mkoani. Mwisho uchumi: pamba, mahindi, mpunga, dengu na ng'ombe.

Niliipenda kazi ile. Nilizunguka kata zote kwa baiskeli, na kila mji niliofika, yaani boma la familia kama tunavyoliita, sikuondoka bila kulishwa. Tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mzee mmoja wa Nkololo mwenye wake watatu alinisikiliza nikieleza hayo, kisha akasema pale pana vyungu vitatu, lakini yeye anakula vyote, kwa hiyo nimwandike mara tatu. Niliporudi ofisini na hoja yake, Ofisa Mipango aliniambia nikanywe chai kwanza.

Nilihamishiwa tarafani, nikarudi mjini, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa takwimu. Stensili ziliondoka, kompyuta zikaja. Simiyu ilipofanywa mkoa na Bariadi kuwa makao yake, wageni waliongezeka. Tulikuwa na Mkurugenzi mpya, mama mpole aliyesoma kila ukurasa. Alisema sura ya uchumi imejaa hesabu tupu. Anataka mwananchi mmoja, mwenye jina, ambaye mgeni anaweza kwenda kumwona. Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia.

Upande wa Nkololo aliishi mjane, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma. Nilifika kwake asubuhi kabla ng'ombe hawajatolewa, nikakuta zizi limefurika, zaidi ya mia. Nikawahesabu wote kwa jina lake. Alipoona kalamu inakimbia akaniambia kwa upole:

"Baba, hawa ni wa watu."

Nikamjibu kwamba fomu ina safu moja tu, ya idadi ya mifugo katika kaya.

"Basi iache wazi."

Sikuiacha wazi. Na nilijua. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani kwake. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa au wezi wasimmalize siku moja. Anayetunza hunywa maziwa, hupata samadi ya shamba, na miaka ikipita hupewa ndama. Ni jambo la kuaminiana, halitangazwi. Mimi mwenyewe nimekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo. Lakini nilitaka mwananchi mwenye jina, nikaandika: "Mayu Kabula, mwanamke mfugaji mkubwa."

Taarifa ilisomwa kwenye mkutano wa kata kabla ya kufika mgeni wa serikali tuliyekuwa tukimtarajia. Wenye ng'ombe walisikia mali yao imesomwa kwa jina la mtu mwingine, mbele ya serikali. Hawakugomba. Mmoja mmoja walikuja na fimbo zao kuchukua walio wao, na ndani ya siku nne zizi likawa jeupe.

Mgeni kutoka Dodoma aliposhuka garini, Mayu Kabula alimpokea kwa heshima zote, akamwonyesha ng'ombe wawili na ndama mmoja anayechechemea. Mgeni akauliza wengine wako malishoni upande gani.

"Muulizeni karani," akasema mama yule. "Yeye ndiye aliyewaona."

Watu walicheka, hata dereva. Mimi nilikuwa nawatazama wajukuu zake watano waliosimama mlangoni. Maziwa yao yalikuwa yameondoka na wale ng'ombe.

Garini Mkurugenzi alinigeukia tulipofika barabara kuu. Kisha akasema: "Mzee, barua ya onyo utajiandikia mwenyewe, maana una mwandiko mzuri. Halafu uende ukawarudishe wale ng'ombe."

Niliomba likizo, nikapanda baiskeli. Wenye ng'ombe walikuwa saba. Nilikaa kwenye vigoda vyao, nikawaomba radhi kwa Kisukuma, kwa maana Kiswahili cha ofisini ndicho kilichowatia hofu. Mmoja alinipa koleo nizoe samadi ya zizi lake kwanza, ndipo azungumze. Nilizoa mpaka saa sita, wake zake wakinishangilia. Jioni ile ng'ombe wake wakaanza safari ya kurudi. Sita kati ya wale saba walikubali. Wa saba, aliyekuwa na wengi kuliko wote, alikuwa amewapeleka Kimali, wilayani Meatu. Nilimfuata huko. Alinichinjia jogoo, akanisikiliza hadi mwisho, akakataa.

"Leo umemwandikia mtu ng'ombe wangu," alisema. "Kesho utamwandikia mke wangu."

Kwa hiyo zizi la Mayu Kabula lilijaa nusu tu, na halikurudi kamwe kuwa kama nilivyolikuta. Kiangazi kile wajukuu wake walikunywa uji mtupu siku nyingi. Hilo liko juu yangu.

Fomu zetu zilipata safu ya pili, ya mifugo inayotunzwa, bila majina ya wenyewe. Ninyi vijana mnaopita sasa na vishikwambi mnafanya kwa siku moja kazi yetu ya mwezi, nami nafurahi nikiwaona. Nawaomba tu: mwenye mji akikuambia uache pawazi, acha pawazi, kisha kaa umuulize kwa nini. Nchi unayoieleza ni ya huyo anayekujibu.

Nilipostaafu nilinunua mtamba mwekundu, nikamswaga hadi kwa Mayu Kabula. Nilimkuta amezeeka, anaanika choroko. Nikamwomba anitunzie. Alimzunguka mara mbili, akamshika mkia, akaanza kucheka taratibu.

"Karani," akasema, "umechelewa sana kuwa Msukuma."

Akaichukua kamba mkononi mwangu, akamwingiza zizini mwenyewe. Nasikia mtamba yule ameshazaa, na uzao wake nao umezaa. Wako wangapi sasa, sijui. Naenda pale mara kwa mara, wananipa maziwa mgando nanywa, na sijawahi kuuliza.