Kidumu cha Njano

Pale tulipokuwa tunaoshea magari, Kahama, mimi nilikuwa mtu wa ndani. Wanaume walipiga povu nje. Dashibodi, milango na viti vilikuwa vyangu. Kazi niliisoma kwa macho, maana shule niliiacha kidato cha pili wazazi walipofariki, na maandishi ya kwenye chupa za dawa yalikuwa ya Kiingereza. Nilijua hivi: kwa plastiki, kifuniko kimoja cha dawa kwenye nusu lita ya maji. Viti vya ngozi, nusu ya hapo. Kioo cha redio, kitambaa chenye unyevu tu. Na kabla ya yote, jaribu kidogo chini ya usukani, mahali ambapo hata pakiharibika hapaonekani.

Baba mdogo alikuja Jumamosi kutoka Runzewe na gari la tajiri wake, mnunuzi wa dhahabu. Ukoo ulitaka wadogo zangu wawili wakaishi kwake. Mimi niliomba waachwe kwangu. Akasema atakuja kwanza aione hiyo kazi yangu, ndipo aamue.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Ndiyo hapa?" Aliangalia matope, akaangalia miguu yangu. "Mtoto wa kike unashinda kwenye maji namna hii?"

"Niachie gari nikuoneshe."

Akacheka, akanipa funguo, akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Dawa ya ndani tuliiita ya limau, kwa harufu yake. Chupa yangu ilikuwa tupu, na dawa mpya zilikuwa zimeletwa asubuhi hiyo kwenye vidumu visivyo na karatasi ya jina. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akisafisha magurudumu, kainama chini ya lori.

"Mzee, hiki cha njano ni dawa gani?"

"Limu hiyo!"

"Limau?"

"Eeh, limu! Chukua, acha kelele. Leo unahangaika kama unaozwa!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mimi ni Msukuma kama yeye. Nyumbani kwetu r na l hazijawahi kugombana. Nani alipaswa kujua kuliko mimi kwamba alikuwa anasema rimu, ile dawa kali ya magurudumu, ya kung'oa masizi ya breki? Nikainusa. Ilinukia matunda.

Nikaweka vifuniko vitatu badala ya kimoja, maana nilitaka baba mdogo akute dashibodi inang'aa. Chini ya usukani sikujaribu. Nikapulizia, kisha nikatoka kukung'uta mazulia.

Niliporudi, weusi wa dashibodi ulikuwa umepauka kwa michirizi, kama shavu la mtoto ambaye machozi yamemkaukia. Nikafuta kwa maji. Nikasugua, weupe ukazidi kutambaa. Nikapaka mafuta ya kung'arishia. Yakaficha kwa dakika chache, halafu weupe ukatokeza tena. Mzee akaja kuchungulia, na utani ukamwisha.

"Ng'wanone," alisema, yaani mwanangu, "hii imeshakula. Haitoki."

"Ungeniambia ni ya rimu!"

"Si nimekwambia limu?"

Baba mdogo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti cha dereva akapitisha kiganja juu ya dashibodi, akakirudisha, kama anayepapasa ng'ombe mgonjwa.

"Nitamwambia nini tajiri?" Hakuwa ananiuliza mimi.

"Nitaenda kumweleza mwenyewe."

"Wewe? Atakusikiliza wewe? Twende nyumbani. Wafungashie wadogo zako."

"Baba mdogo, miaka miwili sijaharibu gari la mtu. Ni leo tu."

"Najua, mama." Alijua kweli, nilimwona usoni. "Lakini nilikuja kuona, na nilichokiona ndicho hiki. Ukoo nitauambia kitu gani?"

Nikapanda gari, tukaenda nyumbani kwangu.

Nguo zao zilienea kwenye mfuko mmoja. Mdogo wangu wa kike aliingia garini, akatazama mbele. Wa mwisho alishika mlango wa chumba kwa mikono miwili. Baba mdogo alimbembeleza, akamwahidi baiskeli, akamkaripia, mtoto hakuachia. Tangu mama afe walikuwa wananisikiliza mimi tu. Baba mdogo akanigeukia, akangoja.

Nikamwambia mdogo wangu aachie mlango, apande gari. Akaachia, akapanda.