Sauti Iliyokuwa Ikitangulia Gari

Gari la mume wangu lilikuwa la Kifaransa, la milango minne, lililotoka kiwandani wakati nchi yetu ingali ikiitwa Zaire. Yeye alilipenda kupita kiasi. Mimi nililivumilia. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Himbi, na nilizoea kumwambia kwamba kitu kinachohitaji kusukumwa mara mbili kwa wiki hakijatimiza masharti ya kuitwa gari.

Lilikuwa na sauti ya peke yake. Kwanza mngurumo wa kawaida, kisha kikohozi, kisha mluzi mwembamba kila lilipopunguza mwendo. Sababu yake tuliijua. Siku aliyokwenda kumchukua mama yake huko Masisi, baada ya ng'ombe wa familia kuisha wote, alirudi na gari limejaa mifuko ya maharagwe, viazi, na mama mwenyewe, na karibu na Sake jiwe likapasua bomba la moshi. Aliliziba tundu kwa kipande cha bati na waya, akasema atalitengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika. Njia za kwetu Katoyi ni mawe matupu ya volkano, na kila jiwe liliongeza lake kwenye ile sauti.

Mama mkwe alikaa nasi tangu siku hiyo. Alikuwa mfugaji maisha yake yote, na aliwahi kunieleza kwamba kule milimani alitambua kila ng'ombe kwa mlio wake, hata ukungu ukiwa umefunika malisho. Mjini hakuwa na ng'ombe, basi akajifunza magari. Saa kumi na moja jioni, gari la mwanawe likiwa bado kwenye kona, yeye alikuwa ameshainjika maji ya chai, amejifunga kitenge upya na kusimama langoni. Mume wangu hakuwahi kupiga honi nyumbani kwake.

Kisha mume wangu aliugua figo, akafa, tukamzika. Sitaki kusema mengi juu ya hilo. Baada ya matanga, wazee wa ukoo wake walikaa kikao wakaulizana gari liende kwa nani, nami nikakaa mkekani nikijua kwamba jibu halitanihusu. Mama mkwe ndiye aliyewakatiza. Alisema gari litabaki kwa mke wa mwanawe, akanyanyuka, akaenda jikoni, na kikao kikaishia hapo.

Lilikaa uani chini ya turubai miezi minane. Nilipochoka kulowa mvua kwenye pikipiki huku nimekumbatia madaftari ya wanafunzi, nililifunua, nikamwita mtu wa betri, nikaanza kwenda nalo kazini.

Jioni ya kwanza niliporudi nilikuta lango liko wazi. Mama mkwe alikuwa ameshika komeo, kitenge kimefungwa vizuri, akitazama upande wa dereva. Nikashuka mimi. Aliniangalia kidogo, akanikaribisha, akarudi ndani. Birika lilikuwa linachemka.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Kila jioni yule mama alisimama kumpokea mwanawe, na kila jioni nikashuka mimi. Nikaona akili yake imeanza kuchanganyikiwa. Nikajiambia kwamba ni ukatili kumdanganya mzee namna hiyo siku kwa siku, na kwamba dawa yake ni nyepesi. Kwa mwalimu wa fizikia, sauti ni hewa inayotikisika ndani ya bomba. Badilisha bomba, nayo sauti itabadilika.

Fundi niliyempata alikuwa akichomelea vyuma kando ya barabara ya Munigi, mabomba ya malori yaliyokufa yakiwa yamening'inia ukutani kwake kama mikungu ya ndizi. Alikuwa mtu wa rika langu, na alijihesabu kuwa mwanamuziki. Aliniuliza ninataka gari liimbe namna gani. Nikamjibu kwamba liimbe vyovyote, mradi isiwe hivi. Jibu hilo lilimuudhi. Alinieleza kirefu kwamba wateja wake ni wa aina mbili, wanaotaka kusikika toka mbali na wanaotaka kupita kimya. Mtu anayeikimbia sauti bila kujua anaielekea ipi, hakuwahi kumwona.

Mwishowe fizikia ilitupatanisha. Tulikubaliana bomba liwe refu zaidi na pana zaidi, kile kisanduku cha kupunguza kelele kiwe kipya, na vyote viinuliwe juu mawe yasivifikie. Akakata, akachomelea, akawasha injini, akafumba macho kusikiliza. Hakuridhika. Akapunguza urefu wa kidole kimoja mkiani, akasikiliza tena. Alifanya hivyo mara tatu, akazima hata redio yake, na ninakiri kwamba nilianza kufurahia kazi ile. Alipomaliza, sauti ilikuwa nzito na ya mviringo, bila kikohozi wala mluzi.

“Sasa iko na adabu,” akasema.

Kwa kipimo chochote ninachokifundisha, ilikuwa sauti bora.

Nilifika nyumbani nikakuta lango limefungwa. Nikangoja. Nikapiga honi, na hakutoka mtu. Nikashuka, nikafungua mwenyewe. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda akichambua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Aliinua kichwa akashangaa kuniona nimeingia. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Nilijipongeza kwa siku tatu. Siku ya nne nikatambua kwamba hainjiki maji tena. Saa kumi na moja ilimkuta amekaa, saa kumi na mbili ikamkuta palepale, kitenge kimelegea, na sahani yake ilirudi jikoni nusu. Siku ya sita alikuja mpaka kwenye gari, akainama kwa taabu, akachungulia chini.

“Ile sauti uliipeleka wapi?” akaniuliza.

Nilimweleza habari za fundi. Kisha, kwa upole ule wa kiwalimu ambao hata wanafunzi wangu hawaupendi, nikaongeza kwamba sikutaka aendelee kufikiri kuwa mwanawe anarudi. Alinyooka pole pole.

“Mutoto wangu nilimuzika,” akasema. “Nilikuwa najua ni weye. Lakini toka pa kona mpaka hapa pa mulango, kila siku, alikuwa anarudia kidogo. Kisha weye unashuka, na mi nakubali. Ile kidogo ndio ilikuwa yangu.”

Akaingia ndani. Nilibaki nimeegemea gari, na niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena. Nilikuwa nimesema ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyechoka, kila jioni, kuwa mtu asiye yule.

Asubuhi yake nilirudi Munigi kulitafuta bomba la zamani. Fundi alikuwa ameshalikatakata. Kile kisanduku alikigeuza mbabula, jiko la makaa, na mwanamke asiyemjua alikuwa amelichukua. Aliponiona nimenyong'onyea alisema anaweza kutoboa tundu, akaiiga sauti ile, mradi nimwonyeshe ilivyokuwa. Nikaanza kumwigizia. Mngurumo niliuweza, na kikohozi nilikiweza kidogo. Mluzi ulinishinda. Niliishi nao miaka tisa, na nilikuwa nimeanza kuusahau.

Nilimwambia mama mkwe kwamba bomba limepotea. Aliitikia “basi”, akaendelea kuosha vyombo. Tangu hapo nikawa nafungua lango mwenyewe, bila kupiga honi, na nililichukua jambo hilo kuwa adhabu yangu. Mvua za masika zikaja, zikaisha.

Jioni moja nikakata kona nikaona lango liko wazi. Alikuwa amesimama pale, kitenge kimefungwa upya, ameshika komeo. Alitazama upande wa dereva, na safari hii hakuyaondoa macho yake. Niliteremsha kioo nikamuuliza alijuaje kwamba ninafika, maana sikuwa nimepiga honi.

“Ngombe mupya inataka siku mingi mpaka mutu ajue sauti yake,” akasema. “Ile ilikuwa yake. Hii ni yako. Ingia, chai iko tayari.”

Nililia palepale kwenye usukani, injini ikinguruma kwa adabu yake, na yeye akalishikilia lango mpaka nilipomaliza.