Harufu ya Jioni

Juzi, jua likizama ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, niliona tena lile ua jeupe la okidi. Lilikaa juu ya tawi lenye ukungu, petali zimefunguka kama nyota, na nyuma yake limening'iniza mkia mwembamba, mrefu kuliko kidole.

Mara ya kwanza kuliona nilikuwa nimemfuata mama kuokota kuni, huko juu ya shamba letu la kijijini Daa. Upepo ulikuwa umeangusha tawi, na ua limeling'ang'ania bila hata chembe ya udongo. Nililinusa palepale, juani. Halikunukia chochote.

"Mama, hili limekufa."

Mama alilichomeka lile tawi kwenye mzigo ili akalifunge kwenye mti wa nyumbani, akaubeba mzigo mgongoni, tukashuka.

Giza lilipoanza kuingia, harufu tamu ilinijia kutoka mbele, kutoka kwake.

"Mama, umepaka mafuta gani?"

"Mafuta ya wapi, mwanangu? Nanuka moshi na jasho tu!"

Nikajua ananificha. Ua sikulifikiria kabisa; si nilishalinusa? Nikakua nikiamini kwamba mama yangu hunukia jioni, akishamaliza kazi.

Sasa najua kuwa ni ua lile: mchana hubana harufu yake, huiachia gizani ili nondo, wale vipepeo wa usiku, walipate. Najua vizuri. Lakini juzi, harufu iliponifikia, macho yangu yalikimbilia mbele njiani, yakitafuta mgongo wenye mzigo wa kuni.